Uimara wa Pikapu za Ukubwa wa Kati: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Maoni ya Wamiliki

Maswali haya huulizwa na watu wanaotaka kununua pikapu, na pia na wale ambao tayari wanayo na wangependa kujua itawafikisha wapi. Majibu yanatokana na mambo ambayo wamiliki wa muda mrefu huyarudia wanapoeleza magari yao, yakiwekwa pamoja na yale yanayojulikana kuhusu ufundi wa magari yenyewe.

Ni magari gani hasa yanayozungumziwa hapa?

Ni kundi la Toyota Hilux na Tacoma, Ford Ranger, Isuzu D-Max, Nissan Navara na Frontier, Mitsubishi Triton ambayo katika masoko mengine huitwa L200, pamoja na Chevrolet Colorado. Karibu yote yana bodi iliyofungwa kwa bolti juu ya chesisi ya ngazi, yaani mihimili miwili mirefu ya chuma iliyounganishwa na mihimili mifupi inayokatiza, na mengi yana springi za mabamba nyuma. Honda Ridgeline linahesabiwa humo kwa ukubwa wake, lakini bodi na chesisi yake ni kitu kimoja, kwa hiyo sehemu kubwa ya yanayosemwa hapa kuhusu chesisi hailihusu.

Tahadhari moja mapema: jina moja si gari moja. Ranger iliyouzwa Marekani hadi mwaka 2011 ilikuwa pikapu ndogo, tofauti kabisa na Ranger iliyoanza kuuzwa sehemu nyingine za dunia mwaka huohuo. Anayesifu moja hajasema lolote kuhusu nyingine, hata kama wote wawili wanatamka jina lilelile kwa fahari.

Je, maoni ya wamiliki yanaaminika?

Yanaaminika kwa kadiri yanavyotaja mambo mahususi. Sentensi kama "gari hili ni chuma" au "sitalinunua tena maishani" inakueleza hisia za msemaji tu. Sentensi inayosema kwamba pampu ya maji ilianza kuvuja kwenye kilomita 140,000, kwamba gari hubeba mzigo wa kilo 600 siku tano kwa wiki, na kwamba oili hubadilishwa kila kilomita 7,000, ina thamani hata kama aliyeisema amekasirika.

Kuna mambo mawili yanayopotosha picha, nayo yanavuta kila moja upande wake. La kwanza ni kwamba mtu aliyepata hasara husema kwa sauti kubwa zaidi kuliko yule ambaye gari lake linawaka kila asubuhi; huyu wa pili hana sababu ya kuandika chochote. La pili husahaulika zaidi: pikapu yenye umri wa miaka 20 iliyo barabarani leo ni ile iliyosalia. Zile zilizonoki injini (yaani injini ikafa), zilizooza chesisi au zilizogongwa hazina tena mmiliki wa kuzisema. Kwa sababu hiyo, ukiwauliza wenye magari ya zamani pekee, kila toleo la zamani litaonekana kuwa bora kuliko la sasa.

Kuna pia suala la fahari. Mtu aliyetumia akiba ya miaka kadhaa kununua gari hapendi kukiri, hata mbele ya nafsi yake, kwamba alikosea kuchagua. Ndiyo maana mimi huyapa uzito mkubwa zaidi maoni ya mmiliki anayelipenda gari lake lakini anakutajia ubaya wake bila kuulizwa.

Mtu akisema pikapu yake imetembea kilomita 300,000 bila tatizo, anamaanisha nini?

Mara nyingi anamaanisha kwamba halijawahi kumwacha njiani. Hilo ni jambo la kuheshimiwa, lakini halina maana kwamba hakuna kilichobadilishwa. Niliwahi kuonyeshwa daftari la mmiliki mmoja aliyekuwa na usemi huohuo. Ndani yake, kwa kalamu za rangi tofauti na kurasa zilizolowa oili pembeni, kulikuwa na shokapu za nyuma mara tatu, boljointi za chini mara mbili, krosi za propela shafti, beringi za magurudumu ya mbele, alternata moja, rejeta moja, klachi mbili na betri tano. Nilipomuuliza kwa nini anasema hakukuwa na tatizo, alijibu kwamba hayo ni matunzo, wala si matatizo. Kwa mtazamo wake alikuwa sahihi kabisa. Kwa mtu anayepanga bajeti, daftari lile lilikuwa na habari kuliko usemi wake.

Kilomita zenyewe pia zinahitaji kupimwa kwa namna zilivyopatikana. Kilomita 300,000 za barabara kuu, injini ikiwa imepata moto wake na giaboksi ikikaa kwenye gia ya juu kwa saa nyingi, zinachakaza kidogo kuliko kilomita 100,000 za safari fupi za dakika kumi, ambapo injini huzimwa kabla oili haijapata moto. Vumbi, kuvuta tela na kuacha injini ikiunguruma bila kwenda popote vyote huhesabiwa na watengenezaji kuwa matumizi magumu, na vitabu vyao vya matunzo huagiza oili ibadilishwe mapema zaidi katika hali hizo, mara nyingi karibu nusu ya muda wa kawaida. Wengi hawafiki kwenye ukurasa huo.

Kati ya injini na chesisi, kipi huamua umri wa gari?

Wanunuzi wengi huuliza kuhusu injini, na wamiliki wa muda mrefu hujibu kuhusu chesisi. Naona wamiliki ndio wenye haki. Injini inaweza kushushwa, kufunguliwa na kurudishwa, au kubadilishwa yote. Giaboksi hali kadhalika. Chesisi ikiisha, gari limekwisha, isipokuwa mtu awe tayari kuinua bodi nzima na kuihamishia juu ya chesisi nyingine, kazi ambayo gharama yake huzidi thamani ya magari mengi ya umri huo.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Toyota Tacoma huko Amerika Kaskazini, mahali ambapo chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Mwaka 2008 kampuni iliongeza udhamini dhidi ya kutoboka kwa chesisi za magari ya miaka ya 1995 hadi 2000 kufikia miaka 15 bila kikomo cha kilomita, na yale yaliyoharibika kupita kiasi yakanunuliwa tena kutoka kwa wenyewe. Mwaka 2016 yakaja makubaliano ya kesi ya pamoja yaliyohusisha Tacoma za 2005 hadi 2010. Wengi wa wamiliki hao hawakuwa na ugomvi wowote na injini. Lilikuwa gari lenye sifa ya kudumu, na sifa hiyo ilikuwa ya kweli kuanzia chesisi kwenda juu.

Kutu ya chesisi huanzia ndani. Mihimili iliyofungwa pande zote nne ina nguvu dhidi ya kujipinda, lakini tope na chumvi vikishaingia kupitia matundu yake hukaa humo vikiwa vimelowa kwa wiki nzima baada ya nje kukauka. Mhimili wenye upande mmoja wazi husafishika kwa urahisi zaidi, ingawa hujipinda zaidi. Anayeishi karibu na bahari, anayeshusha mashua majini kwa tela, au anayepita barabara zenye chumvi, anapaswa kuosha chini ya gari kwa maji safi, akielekeza mpira wa maji ndani ya matundu hayo, na kupaka mafuta au nta ya kuzuia kutu ndani ya mihimili kabla kutu haijaanza. Lami nzito inayopakwa juu ya kutu iliyokwisha kuanza hufunika unyevu humohumo na kuzidisha uharibifu.

Nitaikaguaje chesisi ya gari lililotumika?

Unahitaji taa, nyundo ndogo, bisibisi na nguo usizozionea huruma. Gari linyanyuliwe na kuegemezwa juu ya stendi imara, kisha uanze nyuma: sehemu ambazo springi za mabamba zimeshikizwa, mhimili ulio juu ya ekseli, halafu nyuma ya magurudumu ya mbele, na kila mahali ambapo mhimili mfupi umechomelewa kwenye mrefu. Gonga kwa nyundo. Chuma kizima hulia kwa mlio mkavu unaokurudi mkononi. Chuma kilichooza hutoa mlio mzito uliokufa, kama debe lililojaa mchanga, na wakati mwingine maganda ya kutu huporomoka usoni mwako kabla hujagonga mara ya pili. Pale unaposhuku, sukuma ncha ya bisibisi. Ikizama, mazungumzo ya bei yameisha.

Rangi nyeusi mbichi chini ya gari la miaka 12 ambalo rangi yake ya juu imepauka inastahili maswali kuliko pongezi.

Ni ipi hudumu zaidi, dizeli au petroli?

Zamani jibu lilikuwa rahisi: dizeli. Leo inategemea unaendeshaje. Injini ya dizeli ya kisasa husukuma mafuta kwa shinikizo linalofikia baa 2,000 na zaidi kwenye baadhi ya injini, na nozeli zake, yaani vinyunyizio vya mafuta, hazivumilii maji wala uchafu uliomo kwenye dizeli mbaya. Injini ya petroli isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), kama ile ya Toyota ya lita 2.7 iitwayo 2TR-FE, ina vitu vichache vya kuharibika. Wamiliki wake huilalamikia kwa kunywa mafuta na kwa uvivu kwenye mlima wenye mzigo, kisha wanaendelea kuitumia mwaka baada ya mwaka.

Kwa upande wa dizeli, mfano wa kujifunza ni 1KD-FTV ya lita 3.0, iliyotumika kwenye Hilux kwa miaka mingi. Sifa yake ni nzuri na nyingi ya sifa hizo inazistahili. Hata hivyo, washa ndogo za shaba, yaani vipete vya kuziba vinavyokaa chini ya nozeli, zikianza kuvujisha, gesi ya moto hupenya hadi kwenye oili na kuijaza masizi. Masizi hayo huganda na kuziba chujio la waya lililo ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, oili haipandi tena, na injini hunoki ghafla bila mmiliki kuona dalili kubwa. Washa hizo ni kitu kidogo mno ukilinganisha na injini inayoteketea kwa ajili yake. Hapa ndipo utaona wamiliki wawili wa gari lilelile wakipingana vikali, mmoja akisema ni injini bora kupata kutokea na mwingine akisema imemfilisi, na wote wawili wakisema kweli.

Kuhusu mkanda na cheni ya taimingi (injini huwa na kimojawapo, cha kufanya vali zifunguke kwa wakati wake): mkanda una muda wake uliotajwa, mara nyingi kati ya kilomita 100,000 na 160,000 kutegemea injini, na usibahatishe kupita hapo. Cheni haina muda uliotajwa, ila si ya milele. Inarefuka, hasa oili ikicheleweshwa. Wamiliki wa Navara zenye injini ya YD25 ya lita 2.5 wanalijua hilo, na wengi wao walilijua kwa kusikia mlio wa kukwaruza gari likiwashwa asubuhi.

Kwa nini chujio la masizi ya dizeli hulalamikiwa sana?

Kwa sababu limewekwa kwenye magari ya kazi ambayo mengi hayafanyi kazi ya kutosha. Chujio hili, lililo kwenye mfumo wa moshi, hukusanya masizi, kisha injini huyachoma kwa kupandisha joto la moshi hadi karibu nyuzi 600. Kuchoma huko kunahitaji mwendo wa kutosha bila kusimama. Gari la safari fupi hukatishwa kabla halijamaliza, hujaribu tena kesho, hukatishwa tena, na dizeli inayotumika kupandisha joto huchuruzika hadi kwenye oili. Ukivuta kijiti cha oili ukakuta kiwango kimepanda badala ya kushuka, na oili inanuka dizeli, usifurahi.

Si kila lawama inamwangukia dereva. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia ilitoa uamuzi kwamba Hilux za dizeli, pamoja na Fortuner na Prado za dizeli ambazo pia ni za Toyota, zilizouzwa nchini humo kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020 zilikuwa na kasoro katika mfumo huo. Mabishano kuhusu kiasi cha fidia yaliendelea katika rufaa, lakini kwa msomaji wa maoni ya wamiliki funzo liko wazi: malalamiko ya moshi mweupe na ulaji wa mafuta hayakuwa kelele za watu wasiojua kuendesha.

Je, nifanye sevisi mwenyewe?

Unaweza, ukisoma kitabu cha gari lako kwanza. Ranger zenye injini za dizeli za lita 2.2 na 3.2 zina tabia ya kipekee: oili ikiachwa kumwagika kwa zaidi ya dakika kumi hivi, pampu inaweza kupoteza uwezo wa kuvuta oili mpya, na injini ikiwashwa hivyo hujisaga kavu. Mtu anayeacha oili ichuruzike usiku kucha, kwa nia njema kabisa ya kutoa tone la mwisho, ndiye anayeiua. Matunzo mema kwa gari moja yanaweza kuwa sumu kwa jingine.

Giaboksi ya otomatiki hudumu kama ya mkono?

Ikibadilishiwa mafuta, ndiyo, na kwa kuvuta tela mara nyingi hufanya vizuri zaidi kuliko klachi. Maneno kwamba mafuta yake ni ya maisha yote yana maana iwapo tu utakubaliana na mtengenezaji kuhusu urefu wa maisha hayo. Wamiliki waliovuka kilomita 300,000 na giaboksi ya kwanza huwa walibadilisha mafuta hayo mara kadhaa.

Hatari nyingine hutoka mahali usipotarajia. Kwenye Nissan Frontier za 2005 hadi 2010, kipoza mafuta ya giaboksi kiliwekwa ndani ya rejeta. Ukuta wa ndani ulipopasuka, kulanti, yaani maji ya kupoza injini, iliingia kwenye mafuta ya giaboksi na kuyageuza kimiminika cha rangi ya chai ya maziwa. Wamiliki waliokuwa wamesikia habari hiyo walibadilisha rejeta mapema au wakaweka kipoza cha pembeni. Waliosikia baadaye walinunua giaboksi.

Mzigo na tela vinapunguza maisha ya gari kwa kiasi gani?

Kwa kiasi kidogo ukikaa ndani ya kikomo, kwa kiasi kikubwa ukikizidi, na wengi hawajui kwamba wamekizidi. Pikapu nyingi za dizeli zimeruhusiwa kuvuta kilo 3,500. Tela la uzito huo huweka takriban kilo 350 kwenye tufe la chuma la kuunganishia tela, na kilo hizo zinatoka kwenye mzigo ulioruhusiwa kubebwa na gari lenyewe. Ongeza watu wanne, ngao ya chuma mbele, tenki la pili la mafuta na jokofu nyuma, na hesabu imekwisha kabla hujapakia nguo. Tena uzito ulio nyuma ya ekseli hufanya kazi kama mtarimbo: hushinikiza ekseli ya nyuma zaidi ya kilo zake na kunyanyua ya mbele.

Chesisi za kabini mbili zimewahi kupinda kwa namna hii, kwa kawaida kati ya kabini na ekseli ya nyuma. Mifuko ya hewa inayoongezwa ili kunyanyua sehemu ya nyuma imehusishwa mara nyingi. Springi ya mabamba hugawa mzigo kwenye ncha zake mbili, ilhali mfuko wa hewa huusukuma wote mahali pamoja katikati. Gari linaonekana limenyooka, na ndani yake chesisi inateseka.

Vipi kuhusu umeme na vitu vya ndani?

Hivi husumbua kuliko vinavyoua. Sensa za magurudumu, kamera ya nyuma, swichi za madirisha na nyaya zinazopita kwenye mlango wa nyuma ndizo hutajwa zaidi. Taa, king'ora na vifaa vya kuvutia tela vilivyoungwa nyaya na fundi asiye makini huleta matatizo ya umeme mengi kuliko kiwanda.

Je, ninunue toleo la kwanza la muundo mpya?

Kama unataka gari la miaka 15, subiri miaka miwili au mitatu. Kasoro za mwanzo hurekebishwa kiwandani kimyakimya, na wamiliki wa kwanza ndio hulipa kwa muda wao hata pale matengenezo yanapokuwa ya bure.

Nimuulize nini mmiliki ili anipe jibu la maana?

Usimuulize kama gari ni zuri. Muulize amelitumia kwa kazi gani, amebadilisha nini na kwenye kilomita ngapi, sehemu ipi ya spea ilichukua muda mrefu kupatikana, na kitu gani angekifanya mapema zaidi. Swali la mwisho hufungua midomo ya watu wengi. Omba kuona risiti au daftari, na ulinganishe na uchakavu wa pedali, usukani na kiti cha dereva, kwa maana odomita huchezewa lakini mpira wa pedali ya breki si rahisi kuurudisha nyuma. Akikwambia kwamba kwa kilomita 250,000 hakuna kilichobadilishwa kamwe, mtajie kimoja kimoja: betri, pedi za breki, shokapu, bushi za mbele, beringi, mafuta ya difu (gia zilizo kwenye ekseli). Akikumbuka, andika. Akisisitiza kwamba hata mafuta ya difu ni yaleyale ya kiwandani, basi kazi hiyo yote inamsubiri mmiliki atakayefuata.